RAM zimepanda bei hivi, je, kampuni inayozitengeneza ina mbele? Wanaojua viwanda vya chipu naomba mnieleweshe

Fundi wa Narung'ombe (Dar es Salaam) ameandika:

Salaam wakuu. Mimi ni fundi wa kompyuta, nina meza yangu mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu kubwa ni laptopu za mtumba: naongeza RAM, natoa diski ya zamani naweka SSD, nasafisha feni, nauza.

Tangu Oktoba 2025 biashara ya RAM imenivuruga kabisa. Muuzaji wangu wa jumla yuko Dubai. Zamani akinitumia bei Jumatatu, nilikuwa naweza kulipa hata Ijumaa na bei ni ileile. Sasa hivi ananiandikia asubuhi, "Bei hii mwisho saa kumi jioni." Ikipita saa kumi, ananipa nyingine, na haijawahi kushuka hata mara moja. Nimefika mahali nafungua laptopu mbovu za wateja walionitelekezea miaka miwili iliyopita ili nitoe RAM zilizomo.

Halafu Desemba nikasikia Micron, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za memori, wametangaza wanaachana na Crucial, jina la RAM na SSD zao za madukani. Hiyo Crucial ndiyo niliyokuwa nawauzia wateja wangu kwa moyo mweupe, kwa sababu kwa miaka yote hii zilizonirudia nikiwa nimeziuza mimi hazizidi vidole vya mkono mmoja. Sijaelewa kabisa. Kitu kinagombaniwa sokoni, wewe mwenye nacho unaacha kukiuza?

Sasa swali lenyewe. Mpwa wangu yuko chuo, anasoma mambo ya fedha. Ananiambia, "Mjomba, badala ya kuumia kila ukinunua RAM, si ununue hisa za anayezitengeneza?" Ameshanionesha programu ya kununulia kwenye simu. Na sisi mafundi kumi na wanne hapa mtaani tuna kikundi cha kuweka na kukopa, kuna fedha zimelala. Wenzangu wanasubiri neno langu kwa kuwa mimi ndiye najifanya najua RAM.

Najua kuzichomeka. Kiwanda chake sikijui. Kama soko linazitaka namna hii, kwa nini wasiongeze kutengeneza? Na kama wanauza kila wanachotengeneza, kitu gani kinaweza kuwaharibia huko mbele? Naomba mtu anieleze kwa Kiswahili cha kawaida, kwa sababu fedha hizi ni za watu wenye watoto.

Kijana wa Makongo amejibu:

Mkuu, mbona jibu liko wazi. Akili mnemba inahitaji HBM, memori ya kasi kubwa inayojengwa kwa DRAM, zile chipu zilizomo kwenye RAM zako, na wanaotengeneza DRAM ya maana duniani ni watatu: Samsung, SK hynix na Micron. Micron wamesema wazi mwezi Desemba kwamba HBM yao yote ya mwaka 2026 imeshakubaliwa na wateja, kiasi na bei. Imeisha kabla haijatengenezwa. Uwezo wao umejaa, bidhaa wamehamia kwenye ile yenye faida kubwa. Unataka nini tena? Mwambie mpwa wako yuko sahihi.

Mkaazi wa Mesa amejibu:

Fundi, pole na kazi. Niko Mesa, Arizona, pembeni ya Phoenix. Wazazi wangu walitoka Fizi, Kivu ya Kusini, mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, huku nilifika 2015. Tangu 2017 nafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayosafisha vipuri vya mashine za viwanda vya chipu. Ndani ya kiwanda chenyewe sijawahi kupita mlango wa mizigo. Lakini uchafu wao wote unapitia mikononi mwangu, na nimejifunza kuusoma.

Nikueleze kipuri kimoja tu, utaona ninakokwenda.

Chipu hujengwa juu ya sahani ya silikoni ya mviringo, upana wake milimita 300. Wenyewe wanaiita weifa. Kuna mashine ambayo kazi yake ni kurushia weifa utando wa metali, mwembamba ajabu. Sasa metali ikirushwa haitui kwenye weifa peke yake, inaganda na kwenye kuta za ndani za mashine. Kwa hiyo ndani wanavisha ngao, fikiria sufuria kubwa isiyo na kitako, ili uchafu ugande hapo. Utando ukinenepa kwenye ngao unaanza kubanduka magamba. Gamba dogo lisiloonekana kwa macho likidondokea weifa, chipu iliyo chini yake imekufa. Ndiyo maana baada ya weifa kadhaa ngao inang'olewa, inafungwa kwenye mifuko, inatiwa kwenye kreti na kuletwa kwetu.

Ikifika kwangu ni ya kijivu, nzito, imevimba kama kutu. Naizamisha kwenye tangi la asidi, utando unalika taratibu hadi chuma chake kinaonekana. Kisha inapigwa punje kwa upepo wenye nguvu mpaka uso wake ukwaruze kama msasa, kwa sababu uso laini haushiki utando mpya, utabanduka mapema. Kisha maji yaliyotolewa madini yote, kisha tanuri, kisha mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, imefungwa kwenye chumba safi. Utando mwingine tunaoutoa ni tantalamu, haitupwi, inakusanywa na kuuzwa iyeyushwe tena. Tantalamu ndiyo ile inayotoka kwenye koltani. Mara ya kwanza msimamizi aliponitajia jina hilo nilisimama na ile ngao mkononi kwa muda. Kwetu Kivu watu wanaichimba kwa sururu, na mimi nimeikuta ng'ambo hii naikwangua kwenye sufuria.

Turudi kwenye swali. Idadi ya ngao zinazoletwa kwetu inakwenda na idadi ya weifa zilizopita kwenye mashine. Mwaka 2021 na 2022, kipindi ambacho magari yalikuwa yanakaa viwandani yakisubiri chipu, tulikuwa na zamu tatu na Jumapili ndani. Ilipofika 2023 kreti zikapungua wiki baada ya wiki. Mimi nikashushwa kutoka siku tano hadi tatu. Nyumbani tulikuwa tunahesabu mafuta ya gari. Habari za kushuka kwa soko la chipu mimi nilizijua kwa mgongo wangu kabla sijazisikia kwenye taarifa.

Halafu 2024 likatokea jambo ambalo sikulielewa. Kreti za mteja mmoja ziliongezeka sana, lakini madereva wake wanasema kiwandani hakuna jengo jipya wala mashine mpya ya kusema. Nikamuuliza msimamizi. Akaniambia: chipu wanayotengeneza sasa ina tabaka nyingi zaidi za metali, weifa ileile inarudi kwenye mashine mara nyingi zaidi kabla haijaisha.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho naomba ukibebe, Fundi. Watu wanazungumzia uwezo wa kiwanda kama ujazo wa tangi, kana kwamba ni namba moja imesimama. Haujasimama. Tuseme kiwanda kinaweza kutoa weifa 50,000 kwa mwezi. Hiyo ni kwa bidhaa fulani. Wakibadilisha bidhaa wakaweka yenye hatua nyingi, mashine zilezile, watu walewale, taa zilezile, weifa zinazotoka zitapungua, kwa sababu kila moja inakaa kwenye foleni mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza uwezo wa kampuni, kwanza nitakuuliza wanatengeneza nini.

Sasa HBM. Ni vipande vya DRAM vilivyopangwa ghorofa, vinane au kumi na viwili, vimetobolewa na kuunganishwa kwa nguzo ndogo za shaba. Micron wenyewe wamewahi kueleza kwamba kwa kiasi kilekile cha memori, HBM3E, toleo mojawapo la HBM, inakula karibu mara tatu ya weifa ambazo DDR5, RAM ya kawaida ya kompyuta mpya, ingekula. Kipande chenyewe ni kikubwa, halafu ghorofa moja ikiwa mbovu umepoteza jengo zima. Kwa hiyo kila weifa inayohamishiwa kwenye HBM inakunyima wewe RAM nyingi kuliko memori inayompa mwenye kituo cha data, yale majengo ya kompyuta za akili mnemba. Ndiyo maana muuzaji wako wa Dubai anakupa hadi saa kumi. Viwanda viko palepale na vinafanya kazi usiku na mchana, kilichobadilika ni kinachopita ndani.

Na kwa nini wasiongeze? Wanaongeza. Lakini weifa ikiingia leo inatoka baada ya miezi kama mitatu. Hiyo ni kwenye kiwanda kilichopo. Kiwanda kipya ni miaka. Hapa Phoenix kaskazini TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengenezea kampuni nyingine chipu, walianza kujenga 2021, chipu za kuuza zimeanza kutoka robo ya mwisho ya 2024. Mashine moja ya EUV, inayochora mistari ya chipu kwenye weifa kwa mwanga wa pekee, ni zaidi ya dola milioni 150. Ukishainunua inakudai kila siku, iwe inafanya kazi au imelala.

Fundi wa Narung'ombe ameandika:

Ndugu yangu wa Mesa, Mungu akubariki. Nimemsomea msaidizi wangu hiyo habari ya ngao, amesahau hata kuzima hedigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto.

Nimeelewa kwa nini RAM zimeadimika. Lakini hapo kwenye hisa bado. Maana kwa maelezo yako, uhaba huu ni mzuri kwao. Na Crucial? Hata kama HBM ina faida zaidi, mimi na wenzangu Kariakoo tumekuwa wateja wao kwa miaka. Mteja wa kudumu anaachwa hivihivi?

Mhasibu wa Tudor (Mombasa) amejibu:

Assalaam alaykum nyote. Ndugu Fundi, mimi ni mhasibu, na taarifa za fedha za kampuni hizi huzisoma kwa sababu ndugu zangu walio Ughaibuni huniuliza maswali kama lako.

La Crucial nitakujibu kwa mambo ya nyumbani. Mamangu alikuwa mshoni hapa Mombasa, mtaa wa Bondeni. Jora lilikuwa moja, cherehani mbili, mikono minne. Mwezi wa Ramadhani wateja wa nguo za Idd walikuja na pesa mkononi, na nguo moja ya Idd ilimpa kuliko sare tano za shule. Basi akawa anawaambia wazazi wa sare wangoje. Hakuwa na ubaya nao. Kitambaa na saa zilikuwa zilezile, na kila alichompa mmoja alimnyima mwingine. Mwaka mmoja wazazi wale walichoka, wakaenda kwa mshoni mwengine Majengo, na Idd ilipokwisha mamangu alikaa na cherehani zimefunikwa mpaka mwezi wa tatu.

Micron wamefanya lile la kwanza. Walitangaza kwamba Crucial ya madukani ingeendelea kusafirishwa mpaka mwisho wa Februari 2026, na baada ya hapo memori ingekwenda kwa wateja wakubwa. Kwa hesabu ya mwaka huu, hawajakosea. La pili, la wateja kuhamia kwengine, litaonekana baadaye. Kuna ChangXin ya China inayotengeneza DRAM na kuzidi kujipanua, nayo itafurahi kushika rafu ambayo wakubwa wameiacha. Mimi nikiangalia mchanganyiko wa bidhaa wa kampuni, siangalii tu kile chenye faida kubwa leo. Naangalia pia alichokiacha, na nani amekiokota.

Sasa hisa. Chukua Micron hiyo hiyo, uitazame miaka minne. Mwaka wao wa fedha huisha mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Mwaka wa 2022 waliuza dola bilioni 30.8. Mwaka wa 2023 wakauza bilioni 15.5 na kupata hasara ya bilioni 5.8. Mwaka wa 2025 wakauza bilioni 37.4 na faida ya bilioni 8.5. Kati ya hapo viwanda ni karibu vilevile: Hiroshima, Taichung, Singapore, Manassas. Hawakubomoa nusu ya viwanda 2023, wala hawakujenga maradufu 2025. Kilichopanda na kushuka ni bei na aina ya mali iliyokuwa ikitoka.

Mwaka wa 2023 ulinifundisha zaidi. Ukijumlisha mwaka mzima, mauzo ya Micron hayakufikia hata gharama ya kutengeneza mali. Kwa nini hawakusimama? Kwa sababu mashine zimeshanunuliwa. Gharama ya uchakavu, yaani bei ya mashine iliyogawanywa kwa miaka yake ya kazi, inaandikwa kila robo ya mwaka, weifa ipite isipite. Kupunguza kazi kunafanya kila weifa iliyobaki ibebe gharama kubwa zaidi, na kuendelea na kazi kunajaza soko. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze kupunguza. Samsung walishikilia mpaka Aprili 2023 ndipo wakasema watapunguza, na robo hiyo ya kwanza ya mwaka kitengo chao cha chipu kilikuwa kimeshapoteza won trilioni 4.6, won ni fedha ya Korea. SK hynix nao walimaliza 2023 na hasara ya uendeshaji ya won trilioni 7.7. Hao SK hynix ndio waliotangulia kwenye HBM tangu 2013, na mwaka uliofuata wakapata faida ya uendeshaji ya trilioni 23.5. Kutangulia na bidhaa sahihi kuliwaokoa, lakini hakukuwaepusha na shimo la 2023.

Kwa hiyo ndugu yangu, kitu kinachoweza kuwaharibia mbele ni kile kile kinachowapendeza leo. Bei nzuri inawapa wote watatu fedha za kujenga kwa wakati mmoja. Micron walisema Desemba 2025 kwamba mwaka wao wa fedha wa 2026 watatumia kama dola bilioni 20 kwa viwanda na mashine, mwaka wa 2025 ilikuwa karibu bilioni 14. SK hynix wanaongeza Cheongju, Samsung wamerudi kujenga Pyeongtaek. Kiwanda kipya cha Micron pale Boise kinatarajiwa kutoa weifa za kwanza katikati ya 2027. Hesabu mwenyewe vyote hivyo vitakutana sokoni lini.

Na kuhusu fedha za kikundi, nasema kama dada yako: hisa ya kampuni moja, tena ya memori, si pahala pa kuweka akiba ya mafundi kumi na wanne. Mkopo wa mwenzenu anayetaka kununua mashine ya kuondolea chipu kwenye ubao mnaujua na mnaweza kumfuata. Micron hamuwezi kumfuata.

Kijana wa Makongo amejibu:

Dada yangu, nakuheshimu, lakini unasahau kitu. Safari hii kuna mikataba. Zamani memori iliuzwa kama nyanya, bei ya siku. HBM inauzwa kwa makubaliano ya mwaka mzima. Mteja amejifunga. Huo mzunguko wa kupanda na kushuka unaousema ni wa zamani.

Mkaazi wa Mesa amejibu:

Mdogo wangu, nakuelewa, na hilo la mikataba si dogo. Lakini ngoja nikupe habari ya mji huuhuu ninaokaa, kwa sababu nimeishi katikati yake.

Kutoka kwangu ukienda magharibi kidogo unafika Tempe. Hapo Microchip walikuwa na kiwanda, wanakiita Fab 2. Hawa hawatengenezi chipu za akili mnemba. Wanatengeneza vile vidude vidogo vilivyomo kwenye mashine ya kufulia, kwenye geti la umeme, kwenye kioo cha gari kinachopanda na kushuka. Kwa macho yangu ni biashara nzuri. Chipu ya namna hiyo inaweza kuuzwa miaka ishirini bila kubadilishwa, na mashine zake zimeshajilipa zamani.

Uhaba wa 2021 ulipokuja, Microchip walianzisha mpango: mteja akiweka oda ya miezi kumi na miwili isiyoweza kufutwa wala kusogezwa, anapewa kipaumbele. Wateja walijipanga. Oda zikajaa, viwanda vikajaa, kila mtu akasema kama unavyosema wewe, mteja amejifunga. Kweli alikuwa amejifunga. Alipokea mzigo wote, akaujaza ghalani kwake, na soko lilipopoa akawa na chipu za kumtosha muda mrefu bila kununua tena. Mkataba ulimlazimisha kununua, haukumlazimisha kuzitumia. Mwaka wao wa fedha ulioishia Machi 2024 Microchip waliuza dola bilioni 7.6. Ulioishia Machi 2025 wakauza bilioni 4.4. Desemba 2024 wakatangaza kufunga Fab 2, watu kama 500, kwa maelezo kwamba mali ghalani ni nyingi na uwezo walionao unatosha, na kazi nyingi za hapo zinaweza kufanyika Oregon na Colorado.

Sasa tazama. Miezi hiyohiyo, upande wa pili wa mji, kaskazini, TSMC ndio wanaanza kutoa chipu zao za kwanza za Arizona, na Machi 2025 wakasema uwekezaji wao hapa utafika dola bilioni 165. Jua ni lilelile, mji ni uleule, wote wanatengeneza chipu. Mmoja anazima taa, mwingine anatafuta watu wa kuajiri. Ukimuuliza mtu "biashara ya chipu ikoje Phoenix?" hana jibu moja la kukupa. Dada mhasibu anaweza kukuthibitishia kwamba mwaka 2024 karibu asilimia 70 ya mapato ya weifa ya TSMC yalitoka kwenye teknolojia za hali ya juu, nanomita 7 kushuka chini. Hiyo ndiyo iliyowapa nguvu. Lakini ndiyo hiyo pia inayowafunga kwa wateja wachache wakubwa, na hao wateja wakipumua kidogo tu, majengo yale makubwa hayawezi kuhamia kutengeneza chipu za geti na kupata fedha ileile.

Sisemi mikataba ya HBM itaishia kama ile. Mwenye kituo cha data anazichomeka na kuziwasha, hazikai ghalani kama vidude vya magari. Ila mwangalie yeye anapata wapi fedha za kununulia. Na ukisoma taarifa za kampuni, usiishie kwenye mauzo. Tafuta mali iliyoko ghalani ni ya siku ngapi, na kama inaongezeka huku mauzo yamesimama.

Mhasibu wa Tudor amejibu:

Nathibitisha, ni asilimia 69 kwa mwaka huo. Na hilo la siku za mali ghalani ndilo ninaloanza nalo kila mara, kabla ya faida. Ongeza na hili: angalia fedha wanazotumia kujenga ni kiasi gani cha mauzo. Ikifika nusu ya mauzo na bei ikaanza kulegea, hapo moyo wangu hushtuka.

Fundi wa Narung'ombe ameandika:

Nimesoma yote mara mbili, ya pili nikiwa na mpwa wangu pembeni. Amenyamaza, halafu akasema atatafuta taarifa ya Micron aangalie hizo siku za ghalani yeye mwenyewe. Nimefurahi kuliko angekubali tu.

Fedha za kikundi hazitoki. Nimewaambia wenzangu jana jioni. Mpwa akitaka kununua kidogo kwa fedha yake ya posho, hiyo ni juu yake, ana miaka ya kujifunza.

Mimi nilichobadilisha ni kazini. Nimeacha kungoja bei ishuke wiki ijayo. Kama kiwanda kipya ni 2027, basi wiki ijayo haipo. Nimeanza kununua laptopu mbovu kwa jumla kwa ajili ya RAM zake, za DDR4 hasa, kizazi kilichotangulia DDR5, maana hizo wakubwa wote watatu wamekuwa wakizipunguza. Kila moja naipima usiku kucha kabla sijaiuza, na mteja namwambia wazi kwamba ni ya mtumba na nampa miezi mitatu.

Ndugu yangu wa Mesa, nina ombi moja. Siku kreti zikianza kupungua tena, niandikie hapa. Nitakuamini kuliko muuzaji wa Dubai.

Mkaazi wa Mesa amejibu:

Nitakuandikia, Fundi. Ila kumbuka ninaona mji mmoja tu, na memori nyingi inatengenezwa Korea, Japani na Taiwan, huko kreti zinaenda kwa wengine.

Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili jioni. Leo mchana mwenzangu amenitumia picha ya uwanja wa mizigo: trela mbili zimeegeshwa zimejaa, na ya tatu inasubiri nje ya geti.